Fundi wa Herufi za Kulala

Fundi alifanya kazi amelala. Mgeni aliyepita barabara ya juu ya soko la Lushoto akamkuta amejinyoosha juu ya ubao, ubao uko juu ya mapipa mawili, uso umeelekea nguzo na miguu imetokeza nje, alidhani kaona mlevi aliyekosa pa kulala. Sisi wenyeji tulimpita tu. Tulijua kuna duka linapata jina.

Nilikaa naye jirani miaka kumi na mmoja. Chumba changu kilikuwa cha kuchapa barua, chake cha rangi, na katikati kulikuwa na ukuta wa mbao usiozuia kitu. Harufu ya tapentaini ilikuja kwangu na makelele ya taipureta yangu yalikwenda kwake. Jina lake ninalijua, lakini silisemi, maana hata yeye ukimwita kwa jina alichelewa kuitika. Mji ule ulikuwa na fundi cherehani, fundi baiskeli, fundi saa, kila mmoja na nyongeza yake. Yeye alikuwa Fundi, basi.

Naandika habari zake kwa kuwa nina hamu naye, hamu ya kumsikia akikohoa upande wa pili wa zile mbao. Na kwa kuwa miaka sita mizima niliamini nimemnyang'anya kazi yake ya mwisho, na sikuwa na ujasiri wa kupanda gari kwenda kumwomba radhi. Hilo la radhi nitalifikia. Kwanza nimweke mtu mwenyewe mbele yenu.

Zamani, herufi zake zilitembea wima kama watu wote. Aliandika vibao vya shule, vya zahanati, vya misheni, mbao pana zenye nafasi ya kutosha. Kisha zikaja enzi za ruksa, kila mtu akaruhusiwa biashara yake. Lile duka kubwa la ushirika, lenye rafu ndefu zisizokuwa na kitu ila viberiti na chumvi, likakatwa vyumba saba kwa mbao za mkaratusi. Kila chumba kikapata mwenyewe: huyu mitumba, huyu mbegu na dawa za mimea, yule saluni, yule kaseti za video. Mimi nilipata cha tano. Kila mmoja alitaka jina lake lionekane, na kila mmoja alikuwa na upana wa mlango mmoja tu. Jina kama "NEEMA YA MUNGU DUKA LA PEMBEJEO" ungeliweka wapi? Kilichobaki ni nguzo za baraza, nguzo moja kwa kila mlango, nyembamba na ndefu. Fundi alizitazama asubuhi nzima, akaenda kutafuta mapipa.

Wengine wangepanga herufi moja juu ya nyingine, kila moja imesimama kwa miguu yake, kutoka juu mpaka chini. Fundi hakutaka kusikia. Aliziita herufi za kubebana. "Umewatenganisha ndugu," alisema. "Neno ni watu wameshikana mikono. Likikosa pa kusimama, lilaze, lakini usiwaachanishe." Hivyo alilaza neno zima kwa ubavu likafuata nguzo, na yeye mwenyewe akalala nalo, ili machoni pake herufi zibaki wima. Nguzo haigeuki, kwa hiyo aligeuka mwandishi.

Sasa hapo palikuwa na jambo. Neno lililolazwa lina njia mbili: linaweza kuanzia chini likapanda, au likaanzia juu likashuka. Fundi alikuwa na msimamo kwamba mtu anayepanda mlima asomeshwe herufi za kupanda, na anayeshuka asomeshwe za kushuka, kwa sababu jicho hufuata miguu. Kabla ya kushika brashi alimuuliza mwenye duka, "Wateja wako wanatoka chini au wanatoka juu?" Na mwenye duka, ambaye alikuwa amejiandaa kuulizwa rangi, akabaki ameduwaa.

Za kupanda alilalia ubavu wa kushoto, mkono wa kulia ukawa huru. Za kushuka ilibidi alalie ubavu wa kulia, na hapo mkono wa kulia ulibanwa chini yake, hivyo aliandika kwa kushoto. Aliandika vizuri vilevile, huwezi kutofautisha. Lakini jaribu kumwambia Msambaa mwenye heshima zake kwamba jina la duka lake, siku ya kufungua, linaandikwa kwa mkono wa kushoto. Muuza mitumba alitoka mbio akiwa na tai shingoni.

"Fundi! Jina langu kwa kushoto? Mkono wa chooni?"

"Wateja wako wanatoka juu, mgosi. Si umeniambia mwenyewe?"

"Waache watoke wanakotoka! Jina langu usilishike kwa huo mkono."

"Basi utasomwa na wanaopanda tu. Wanaoshuka na hela zao watapita."

Muuza mitumba alifikiri kidogo, akasema ni heri apitwe. Habari zikaenea, na ndiyo maana mpaka leo barabara ile ina herufi za kupanda nyingi kuliko haki yake. Wageni hudhani ni mtindo wa mjini kwetu. Mimi nilimwambia Fundi aandike yangu kwa mkono wowote anaotaka, maana mimi si Msambaa. Baba yangu alitoka kusini kuja kuchuma chai Mponde, nasi tulikuwa na miiko yetu mingine. Alifurahi sana. Toka siku hiyo akawa ananiita "wewe wa Mponde".

Kwa adabu alikuwa mkali kupita mwalimu mkuu. Ukimpita bila shikamoo, alikusimamisha. Siku moja alimsimamisha ofisa aliyeshuka kwenye gari la serikali na mafaili kwapani, akamwambia, "Baba, rudi garini ushuke tena." Yule ofisa akarudi, akashuka tena, akaamkia. Lakini mtu huyohuyo, akikutana na vitoto vya chekechea, alianza yeye kuvisalimia, kwa Kisambaa, ameinama: "Onga makeo!" Navyo vilimjibu kwa sauti za kuimba. Nikamuuliza hiyo heshima yake ni ya namna gani. Akasema wale hawajui bado, na asiyejua huonyeshwa.

Hakunywa pombe maisha yake yote na hakukanyaga baa. Nguzo ya baa moja, hata hivyo, ndiyo iliyobeba kazi yake nzuri kuliko zote, herufi nyekundu zenye kivuli cha dhahabu. Mzee mmoja wa msikitini alimuuliza haoni vibaya. "Herufi hazilewi," Fundi akamjibu, akaendelea kusuuza brashi. Nilipomtania kwamba amewavutia walevi kwa uzuri ule, alinuna siku mbili, na ninaamini kwamba jambo lile lilikuwa limemkaa rohoni kabla sijalisema.

Na aliogopa ngazi. Mtu aliyezaliwa milimani, ambaye kazi yake ni kupandisha majina, hakuweza kusimama juu ya kigoda bila kushika ukuta. Tukienda Soni kwa basi alifumba macho tangu kona ya kwanza, akaniuliza kila mara, "Tumefika?" Nguzo ikiwa ndefu, aliongeza mapipa, akalala juu yake bila wasiwasi. Alisema mtu aliyelala hawezi kuanguka mbali. Nilimwambia kwamba kutoka kwenye mapipa manne angeanguka mbali sana. 

Chai alikunywa ya baridi. Nilimletea majani kutoka nyumbani, chai ya Mponde hasa, nikampikia ikatoa moshi, naye aliiweka pembeni mpaka ifanye utando. Iliniudhi kila siku. Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye vizingiti na sisi wote tumejifunga makoti, Fundi alikuwa amelala juu ya ubao wake na sweta lile lenye rangi zote za mji, kikombe cha chai iliyopoa kando ya sikio.

Kazi ilipokauka, hakuuliza mtu kama ni nzuri. Aliteremka mpaka kona ya chini, akageuka, akapanda polepole kama mteja. Kisha akaenda juu, akashuka. Siku moja tu njia hiyo ilimtupa, na ilimtupa vibaya.

Kina mama wa soko walimtaka aandike nguzo ya lango la pili, ili wanaoleta mboga za kusafirishwa Dar wajue ni huko, wasiende lango la kwanza na kurudishwa. Aliandika herufi za kupanda, nyeupe juu ya bluu, safi kabisa. Akateremka, akapanda, akasoma, akaridhika. Asubuhi ya soko, kina mama wakapita pale mmoja baada ya mwingine, wote wakaenda lango la kwanza. Fundi alikuwa barazani anatazama. Mwishowe akamsimamisha mmoja, mama mnene wa huko Mlalo mwenye tenga la kabichi kichwani.

"Mama, hujui kusoma?"

"Nimesoma mpaka darasa la saba, Fundi, tena nilikuwa wa tatu. Lakini tazama nimebeba nini. Hizo herufi zako umezilaza. Nikiinamisha shingo nizisome, kabichi nani ataziokota?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Fundi hakucheka. Alirudi chumbani mwake, na siku ya pili akaja kuniazima kata yangu, ile ya khanga ninayobebea ndoo. Nilimwona kwa macho yangu akipanda barabara na tenga kichwani, mwanamume wa umri ule, mikono yote miwili juu, watu wanamshangaa. Alipanda mara tatu. Kisha akapaka bluu juu ya kazi yake yote, na pale pale akaandika upya kwa herufi za kubebana, zile alizoapa hatazigusa, moja juu ya nyingine, zimesimama wima kwa ajili ya watu wasioweza kuinamisha shingo. Kina mama wakasoma. Mimi nikaenda kumsifu, akanikatiza. "Usiisifu ile. Ipo kwa ajili ya mizigo."

Lakini tangu hapo swali la wateja wanatoka chini au juu likaongezewa mkia. Akawa anauliza pia, "Na wanakuja wamebeba nini?"

Baba yangu alipofariki, nilifunga chumba nikaenda Mponde bila kumwambia mtu isipokuwa yeye. Siku ya mazishi nikamwona anashuka kwenye lori la majani ya chai, na kopo dogo la rangi nyeusi limefungwa kwenye kitambaa. Sisi ni Wakristo, na yeye ni Mwislamu wa sala tano. Msalaba wa baba ulikuwa mwembamba na jina la baba refu, jina la kwao kusini, hakuna aliyejua lingekaaje. Fundi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Watu wanaingia hapa makaburini kutoka upande gani?" Nikamwonyesha njia ya kutoka kiwandani. Akautandika mkeka wake juu ya udongo mbichi, akalala, akaandika jina la baba yangu. Watu waliokuwa wakiimba wakanyamaza kumtazama, kisha wakaendelea. Hatukuwahi kulizungumza tena. Nilimpenda mtu yule kama nilivyompenda baba, na hilo pia sikuwahi kumwambia.

Kompyuta iliingia chumbani kwangu imefungwa kwenye blanketi. Nilikuwa nimekwenda Tanga miezi mitatu kujifunza, na nikarudi najiona. Barua nikawa nazichapa huku natazama kioo cha kompyuta. Baadaye mtandao ulipofika mjini kwetu, wa kusuasua, chama cha wakulima wa mboga kikaniomba niwatengenezee ukurasa, ili wanunuzi wa mbali waone kijiji gani kina nini na siku gani. Nilitumia mfumo uliokwisha kutengenezwa na wajuzi, ambao kwangu ulikuwa kama nyumba iliyosimamishwa miti, wewe unakandika udongo tu. Nikachora jedwali. Mboga zikakaa upande, vijiji vikakaa juu, vijiji kumi na vinne. Nafasi haikutosha. Safu zilitakiwa ziwe nyembamba kama zile nguzo zetu, na majina marefu.

Nikajua la kufanya, si nimekaa na Fundi? Mfumo ulikuwa na amri ya kugeuza maandishi nyuzi tisini. Nikaiandika, majina yote kumi na manne yakainuka kwa pamoja, nikapiga makofi peke yangu. Kisha nikatazama vizuri. Rangwi ilikuwa imeilalia Bumbuli. Mponde, kwetu, imekatwa kichwa na ukingo wa jedwali. Na safu zenyewe zilibaki pana vilevile, kana kwamba hakuna jina lililogeuka. Siku tatu nilihangaika, nabadilisha hiki, nabana kile, nikawa namjibu kila mtu vibaya.

Fundi aliingia kuomba kiberiti. Akasimama nyuma yangu, akainamisha shingo kama alivyozoea.

"Hiyo mashine yako," akasema, "inajua kwamba majina yamegeuka?"

"Inajua, Fundi. Mimi ndiye niliyeiambia iyageuze."

"Haijui. Umemwinua mtu kitandani, kitanda umekiacha palepale kimetandikwa, kinakula chumba. Macho yanaona amesimama, lakini mashine inamtunzia nafasi ya kulala." Akavuta kigoda. "Kwanza geuza mahali. Pima nguzo, nguzo nyembamba na ndefu, ukishapata nguzo ndipo ulaze neno."

 Alisema kweli, na hajawahi kugusa kompyuta. Amri ile ilikuwa inageuza sura ya neno tu. Kisanduku chake kilibaki kimelala upana uleule. Nikafuta, nikakipa kila kichwa cha safu kisanduku chembamba, urefu wake sawa na urefu wa jina, kisha nikageuza jina ndani yake. Ikawa afadhali, lakini majina yakaelea, mengine juu, mengine chini.

"Yanazungukia wapi?" Fundi akauliza.

"Kuzungukia vipi?"

"Mimi nikigeuka juu ya ubao, nyonga haiondoki. Mwili wote unazunguka, nyonga ipo. Hayo yako nyonga yake ni ipi?"

Nikatafuta. Mfumo ulikuwa unayazungushia katikati ya neno, na kwa kuwa maneno hayalingani urefu, kila moja lilitua pake. Nikauambia uyazungushie kwenye kona ya chini, kushoto. Yakakaa. Vijiji vyote kumi na vinne vikapanga mstari, vimeanzia chini, vinapanda. Fundi aliyasoma yote kwa kunong'ona, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua kiberiti chake akaenda. Baada ya hapo nimejenga kurasa nyingi, nimesoma vitabu, na sijapata maelezo yaliyonyooka kuliko yale.

Wiki ileile aliamua kuniongezea nguzo. Nguzo yangu ilisema UCHAPAJI WA BARUA, naye akasema si haki kompyuta iwe ndani na nje hakuna habari. Akapanga mapipa, akalala, akaandika NA KOMPYUTA, zawadi yake kwangu. Nilikuwa na shughuli nyingi. Nilitoka, nikasema "Ahsante sana, Fundi, imependeza," nikarudi ndani.

Siku mbili baadaye akaja mwenye nyumba ya wageni ya pale bondeni, anataka ukurasa wa kuvutia watalii. Akayaona majina yaliyolala kwenye kioo changu, akayapenda. "Na kwenye nguzo yangu, mashine yako inaweza kunipatia herufi kama hizi?" Kazi za nguzo zilikuwa za Fundi, kila mtu alijua hivyo, hata mimi. Lakini nilikuwa na kompyuta mpya na kiburi kipya. Nikasema inaweza. Nikatuma maagizo Tanga, zikaja kwa basi herufi za plastiki zilizokatwa kwa mashine, za kubandika. Mchana mmoja nilikuwa nimesimama pale bondeni, nazibandika kwa kitambaa na maji ya sabuni, nikageuka nikamwona Fundi amesimama ng'ambo ya barabara.

Nikamwamkia. Hakuitikia marahaba. Alisema tu, "Onga mshi," kwa Kisambaa, lugha ambayo hajawahi kunisalimia nayo hata siku moja, maana alijua si yangu. Akaenda zake.

Kesho yake na kesho kutwa chumba chake hakikufunguliwa. Muuza mitumba akaniambia Fundi kahamia Rangwi, kwa binti yake. Aliacha makopo ya rangi yamepangwa kwa mstari, brashi zimeoshwa. Mbao katikati yetu zikawa kimya, na kimya hicho nilikisikia kuliko kelele yoyote.

Rangwi si Ulaya. Gari zinakwenda kila siku. Mwaka wa kwanza nilisema nitakwenda mvua zikipungua. Mwaka wa pili nikasema kazi ni nyingi. Baada ya hapo niliona haya kwenda nikiwa nimechelewa kiasi hicho, na kila mwezi nilizidi kuchelewa. Usiku na mchana niliyatunga maneno ya kumwambia. Nilikuwa naona herufi zangu za plastiki kule bondeni, zinang'aa, hazichuji, na nilizichukia.

Mwaka wa sita nikapanda gari.

Nilimkuta barazani, juani, blanketi magotini, binti yake anachambua maharage karibu. Alikuwa amepungua. Niliposema shikamoo aligeuka mwili mzima kunitazama, mabega na kiuno vyote, kwa sababu shingo ilikuwa imekataa kabisa kugeuka.

"Marahaba, wewe wa Mponde," akasema. "Umenenepa."

Maneno niliyotunga miaka sita yote yalitoroka. Nikatoa laptopu kwenye mfuko kama mtu anayejificha nyuma ya kitu, nikamfungulia ukurasa wa wakulima. Nikamwambia sasa vijiji vimefika thelathini na kimoja, na vyote vimelala kama alivyonifundisha. Akatazama. Nikaona anahangaika, macho yanakwenda pembeni, kichwa hakifuati. Hakuweza kuinamisha shingo. Basi nikaisimamisha laptopu kwa ubavu, nikaikumbatia kifuani, majina yakawa wima mbele yake. Alisoma vyote thelathini na kimoja kwa sauti. 

"Fundi," nikasema, "nimekuja kuomba radhi. Nilikuchukulia kazi yako."

"Kazi gani?"

"Ile nguzo ya nyumba ya wageni. Za plastiki."

 "Mwanangu, ile nguzo mwenyewe alinijia kwanza mimi. Nikamwambia siiwezi. Shingo ilikuwa tayari inanisumbua."

Binti yake aliacha kuchambua maharage.

"Sasa kwa nini uliondoka bila kuniaga?"

"Nilikimbia nguzo yako."

"Nguzo yangu ina nini?"

"Hunifichi kitu, mwanangu, sema tu. Herufi tatu za mwisho zimeanguka chini ya mstari. Nilipofika pale shingo ikakataa, nikamalizia kwa kukisia. Nikashuka, nikapanda, nikaona. Nikajua na wewe umeona, maana una macho. Ulisema imependeza halafu ukaingia ndani haraka. Siku mbili tu, ukaagiza plastiki. Nikasema, ananisitiri huyu. Na mimi nisimpe kazi ya kunisitiri."

Nilikuwa nimepita kwenye nguzo ile kila asubuhi na kila jioni kwa miaka sita. Nimeiegemea. Nimetundika mwavuli wangu pale.

"Sikuona, Fundi," nikasema. Nilisema kwa furaha, kama ninayempa zawadi. "Wallahi sikuona kitu. Hakuna hata mtu mmoja aliyeona."

Hakufurahi. Aligeuza mwili wote polepole, akatazama bondeni, kwenye mashamba ya watu.

"Miaka sita hukuona," akasema. "Basi hata zile zilizokaa sawa hukuziona."

Sijawahi kupigwa nikaumia vile. Nikaiweka laptopu sakafuni. Nikasogeza kigoda mbele yake, pale macho yake yalipoelekea, ili asihitaji kugeuka. Nikafumba macho, nikajiweka kwenye kona ya chini kabisa ya mji, nikaanza kupanda.

"Kinyozi," nikasema. "KARIBUNI NYOTE. Nyeusi juu ya njano. Za kupanda. Ile K mguu wake wa mbele umeuvuta ukapita mstari."

Nikapanda mpaka mlango wa pili.

"Fundi redio. Nyekundu juu ya nyeupe, za kupanda. Ukaacha nafasi kubwa katikati kwa ajili ya ule msumari."

"Ehe," akasema.

"Duka la dawa. Kijani, za kushuka. Mwisho wake kuna mstari mwembamba chini."

"Mistari miwili."

"Miwili, samahani. Muuza vitabu. Kahawia juu ya maziwa, na ukingo wa bluu..."

Barabarani gari la mwisho la kurudi Lushoto lilipiga honi, likapiga tena. Binti yake akasimama, akaniambia, "Dada, utaachwa." Nilifumbua macho, lakini sikuinuka. Fundi alikuwa amefumba macho na yeye.

"Endelea," akasema. "Ukimpita muuza vitabu, kuna nani?"